Mkiwa: Kuku asiyeuzwa njia panda

Wengi tunapita Mkiwa tukiwa tumelala kwenye basi la Mwanza. Mimi nilishuka, na sababu ilikuwa kijitabu cha katuni cha kurasa kumi na sita.

Mpenzi msomaji, kwenye Kiswahili chetu mkiwa ni mtu asiye na ndugu wala jamaa wa kumfaa. Kwenye ramani ya mkoa wa Singida, Mkiwa ni njia panda. Barabara kubwa ya lami inayotoka Dodoma na Manyoni kwenda Singida, na kuendelea hadi Mwanza, inakutana hapa na ile ya Itigi, inayokata pori la Rungwa mpaka Makongolosi na Mbeya. Yaani mahali penye jina la kipweke namna hiyo ndipo watu wa pande tatu wanapokutana, wanashuka kuchimba dawa, wananunua kuku, halafu kila mtu anashika njia yake.

Kilichonipeleka mimi si kuku wa kwenye tenga. Mwenzetu mmoja hapa ofisini alikuwa anarudi kutoka kwao Kanda ya Ziwa, akauziwa kijitabu dirishani kwa Sh1,500. Karatasi nne za A4 zimekunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili, fotokopi nyeusi na nyeupe, na bado kilikuwa kinanukia moshi wa kuni. Mhusika mkuu ni kuku anayeitwa Bi Tetea. Nilikisoma wakati wa chai nikacheka peke yangu kama chizi, halafu nikakisoma mara ya pili bila kucheka. Jalada la nyuma lilikuwa na maneno mawili tu: "Tunapatikana Mkiwa." Hakuna namba ya simu, hakuna sanduku la posta. Nikasema huyu mtu lazima nimfuate.

KUFIKA

Kama unatoka Dar, siku hizi mambo yamerahisika. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inakufikisha makao makuu ukiwa bado hujachoka. Kuanzia pale ni basi. Unapita Bahi kwenye mpunga, unapita Kintinku, halafu gari linaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa na injini inabadilisha sauti. Abiria wazoefu hapo huwa wanaacha kuongea. Ukishatokea juu upande wa Manyoni unahisi hewa imekuwa nyingine, kavu na nyepesi, na ukikaa upande wa dirisha utaona vichaka vilivyosongamana mpaka unajiuliza hata mbuzi anapitaje. Hivyo ni ndugu wa vile vichaka vya Itigi ambavyo wataalamu wa mimea wanavijua sana, na nyuki wanavijua zaidi. Asali ya huku usiiulize.

Mkiwa yenyewe ipo wilaya ya Ikungi, wilaya changa iliyozaliwa mwaka 2012 kutoka Singida Vijijini. Usitegemee hoteli ya nyota. Kuna vibanda kandokando ya lami, madumu ya mafuta ya alizeti, chupa za asali, na matenga ya kuku wa kienyeji waliokaa kimya kama wanasubiri kuitwa mahakamani. Wenyeji wengi ni Wanyaturu. Wanasalimia kwanza, wanauza baadaye. Mzee mmoja alinijibu shikamoo yangu, akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za mvua ya Dar, ndipo akakubali kuniambia kwa mchora katuni ni wapi. "Yule wa mabango? Fuata rangi."

Ni kweli. Ukiangalia vibanda vya njia panda vyote vimeandikwa kwa mkono mmoja: "Mama Lishe", "Saluni ya Kiume", "Hapa Hatukopeshi". Herufi zile zile zenye mkia mrefu kwenye "h". Nikafuata rangi.

KATUNI ZETU ZINAKOTOKA

Kabla sijakuingiza ndani ya nyumba hiyo, ngoja nikuonyeshe nilichokuwa nimebeba mkobani, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini kijitabu cha fotokopi kilinisumbua kiasi hicho.

Kizazi cha wazazi wetu kilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Halafu likaja jarida la Sani, na hapo ndipo vijana wa mijini walipopotea kabisa. Nyota yake kubwa alikuwa Philip Ndunguru, aliyezaliwa 1962. Komredi Kipepe na Lodi Lofa bado ni majina ambayo mtu wa umri fulani akiyasikia anatabasamu bila kujua. Mtafiti Jigal Beez ameandika jinsi Kipepe alivyopita kwenye nyayo za Asterix, yule shujaa mfupi wa Kifaransa. Ukiniuliza mimi, nyayo ni za Ufaransa ila miguu ni ya hapa hapa: mwendo wake, mdomo wake na jeuri yake ni vya uswahilini.

Ndunguru alifariki mwaka 1986, akiwa bado kijana mdogo. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine walishika kalamu, wakaendelea.

Baada ya hapo unawajua mwenyewe. Masoud Kipanya na yule panya wake asiyenyamaza. James Gayo na Kingo, aliyeanzia magazetini mpaka akapata jarida lake. Gado, mtoto wa Dar aliyehamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation, akawa jina la bara zima. Huko huko Kenya, mwaka 2010 lilianza Shujaaz, katuni ya vijana iliyogawiwa bure na baadaye ikavuka mpaka kuja kwetu.

Hizi zote nazipenda. Lakini karibu zote zina mtu nyuma yake: gazeti, mchapishaji, mfadhili. Katuni huru ni kitu kingine. Ni ile ambayo aliyeichora ndiye aliyenunua karatasi, ndiye aliyesimama kwenye mashine ya fotokopi, na ndiye anayekimbia na basi akiinyanyua dirishani. Akikosea hana wa kumlaumu. Akipatia, hana wa kumlipa zaidi ya wewe msomaji na Sh1,500 yako.

BI TETEA, NAMBA MOJA HADI TATU

Sasa uhakiki. Mpaka nilipofika Mkiwa zilikuwa zimetoka namba tatu, na nilizisoma zote nikiwa nimekaa kwenye kigoda chini ya mwembe wa wenyewe.

Tetea, kama unavyojua, ni kuku jike. Ni kitendo pia. Bi Tetea ni kuku wa Mkiwa aliyeuzwa mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na kila mara anatoroka kabla ya sufuria. Namba moja inamkuta juu ya paa la basi, ndani ya tenga, akisikiliza abiria wakigombana kuhusu mahari. Namba mbili yuko chini ya kiti, na mama aliyemnunua anamweleza siri ambazo hajawahi kumweleza mumewe, kwa kuwa kuku hana wa kumwambia. Mwishoni yule mama anamfungua kamba mwenyewe. Hadithi ni ndogo, ila inakaa.

Namba moja ina makosa mengi. Maputo ya maneno yamejaa mpaka yanafunika nyuso. Mikono ya watu inafanana na mikungu ya ndizi. Kivuli kilipakwa kwa penseli na kusuguliwa na kidole, kwa hiyo kwenye fotokopi kila kivuli kimegeuka bonge la weusi. Kuna ukurasa ambao sikujua kama ni usiku au basi limeungua.

Namba mbili, mchoraji ameshajifunza. Kivuli sasa ni mistari myembamba inayopishana, ambayo mashine ya fotokopi inaisoma vizuri. Maneno yamepungua nusu.

Namba tatu ndiyo iliyonitoa Dar. Katikati ya kijitabu, ukurasa wa nane na wa tisa, hakuna neno hata moja. Ni usiku. Bi Tetea amerudi njia panda peke yake. Picha ya kwanza: barabara tatu na kuku mdogo katikati. Ya pili: taa za lori kwa mbali. Ya tatu: taa zimekuwa kubwa. Ya nne ni nyeupe tupu. Ya tano: unyoya mmoja hewani. Ya sita: Bi Tetea upande wa pili wa barabara, amempa mgongo msomaji, anatembea kuelekea nyumbani. Mwendo wake ni wa mtu aliyechoka na kuuzwa.

Kati ya picha ya nne na ya tano kuna nafasi nyeupe ya milimita chache. Kwenye katuni yoyote nafasi hizo zipo. Mimi huziita vichochoro. Mchoraji hachori kitu pale. Ni wewe unayevuka kichochoro kwa akili yako, na kila unachokiona mle umekileta mwenyewe: lori lilivyopita, moyo ulivyoruka. Sinema inakuonyesha. Riwaya inakuambia. Katuni inakuacha uvuke, na mchoraji mzuri anajua upana wa kichochoro ambacho msomaji wake ataweza kukiruka bila kuanguka.

Kasoro ya namba tatu? Mwisho umekatwa. Ukurasa wa kumi na sita unaishia kama mtu aliyeitwa nje ghafla. Niliuliza kwa nini. Jibu lilikuwa rahisi: karatasi ziliisha.

KAZI YA USIKU

Mwenyeji wangu, yule fundi wa mabango, ni mtu wa maneno machache. Shemeji huyu alinionyesha vifaa vyake vyote kwenye meza moja: penseli, rula ya shule, kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, wembe wa kukwangua makosa, na daftari la hesabu la mirabaraba. Kwa nini daftari la hesabu? Kwa sababu vile viboksi vinamsaidia kupanga fremu bila kupima upya, na ile mistari ya bluu hafifu haitokei kwenye fotokopi ukipunguza wino kidogo. Nikabaki nimeduwaa. Wachoraji wakubwa wa Ulaya na Marekani walitumia penseli ya bluu miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kamera za uchapaji hazikuiona. Huyu bwana amegundua siri yao kwa daftari la mtoto.

Alinieleza hesabu ya karatasi pia. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo hadithi lazima iishe kwenye kurasa nne, nane, kumi na mbili au kumi na sita. Huwezi kusema umebakiza kaukurasa kamoja. Na ukurasa wa nane na wa tisa uko kwenye karatasi moja, uso mmoja, kwa hiyo pale tu ndipo unaweza kumwaga picha kubwa bila kukatwa na mkunjo wa karatasi nyingine. "Pale pa katikati ndiyo sebule," alisema. Vizuri vyote vinawekwa sebuleni.

Fotokopi ni Sh100 kwa kila uso, na kijitabu kimoja kina nyuso nane: Sh800. Kinauzwa Sh1,500. Inabaki Sh700, kabla hujahesabu nauli ya kufuata mashine yenye wino mzuri na nakala ambazo abiria wanaziangalia, wanacheka, halafu wanarudisha basi likiondoka. Nauliza: na hadithi unazitoa wapi?

Akaelekeza kidevu upande wa jikoni.

Mkewe ndiye anayeuza kuku kwenye mabasi. Miaka sasa anakimbia na dirisha huku amebeba kuku wawili kichwa chini, na masikio yake yanaokota kila kitu: ugomvi wa mahari, msiba, simu za uongo za mtu anayesema yuko Morogoro wakati basi ndiyo kwanza linatoka Singida. Usiku watoto wakilala anamhadithia mumewe, na mumewe anachora. Maneno yote ya Bi Tetea ni ya kwake. Sheria ya maputo pia ni ya kwake: "Yakizidi maneno kumi, huyo haongei tena, dada, huyo anahutubia."

Nilimpa albamu niliyoibeba, Madame Livingstone, ya mwaka 2014. Imechorwa na Barly Baruti, Mkongo mzaliwa wa Kisangani, na hadithi imeandikwa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Inasimulia Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika: rubani Mbelgiji anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni Mwafrika anayevaa sketi ya Kiskoti na kusemekana kuwa mtoto wa Livingstone. Kitabu ni cha Kifaransa na mama hajui hata salamu ya lugha hiyo. Alikisoma kwa picha tu, kurasa thelathini hivi, kidole kinatembea. Kisha akanisimulia nani anamwogopa nani na nani anadanganya, na alipatia sehemu kubwa. Hiyo ndiyo sifa ya juu ninayoweza kumpa Baruti. Kosa alilomwonea ni moja: "Mbona hawa watu hawali?"

Nikawaambia kwamba meli ile si ya kitabuni tu. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam ndani ya maelfu ya makasha na kusafirishwa na reli ya kati kuelekea Kigoma, ilikoundwa upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua miaka ya 1920, na tangu 1927 ikawa ndiyo Liemba. Reli hiyo inapita Itigi, jirani yao tu hapo. Shemeji akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo meli ilipita huku?" Ilipita. Mkewe alikuwa ameshaanza kufikiri, nilimwona. Nadhani Bi Tetea ana safari ya meli mbele yake.

LAKI NNE

Ilikuwa jioni, tumemaliza ugali na mlenda, ndipo nikaelewa kwa nini nyumba ile ilikuwa na ukimya fulani tangu nifike.

Mfanyabiashara mmoja wa mji wa jirani, mwenye vibanda vya chipsi kuku, alikuwa amekiona kijitabu. Amempenda Bi Tetea. Anataka achorwe kwenye vibanda vyake vyote, kwenye aproni na kwenye mifuko ya kufungia. Analipa laki nne taslimu. Sharti ni moja: Bi Tetea anakuwa wake, na hawa wawili hawamchori tena bila ruhusa yake.

Usicheke haraka. Chumba cha pili cha nyumba yao hakijaezekwa, na mvua za Singida huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Laki nne ni bati, na kwa mchora mabango ni miezi kadhaa ya kazi. Mume alitaka kusaini. "Kazi ni kazi, dada. Mimi mwaka mzima nawachorea watu vitu vyao. Kuku mmoja ana nini?"

Mkewe alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. "Mimi nauza kuku kila siku. Huyu sijawahi kumuuza."

Halafu kimya.

Hapo, msomaji, ndipo katuni inapoacha kuwa mambo ya watoto. Wangapi kati yetu tuna biashara na wenza wetu? Saluni, duka la nguo, studio ya picha, keki za oda. Nani amesajiliwa? Jina la nani liko kwenye bango? Tunaona aibu kuulizana kwa sababu eti ni mapenzi. Nikachukua kijitabu nikaangalia jalada. Lilikuwa na jina moja, la mume, chini kulia, kwa ile "h" yenye mkia. Nilimuuliza mama kwa sauti ya chini, tukiwa wawili, kama aliwahi kulisemea hilo. Akacheka. "Kuku ndiye anayetaga, dada. Jogoo ndiye anayewika."

Niliwaambia wote wawili ninachokijua kutokana na kazi yangu ya uhariri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotungwa, na kazi iliyotungwa na wawili ni ya wawili. Kwa hiyo mmoja peke yake asijione ana kalamu ya kutosha kuuza. Niliwaambia pia kwamba kuuza na kukodisha ni vitu viwili: unaweza kumruhusu mtu atumie picha yako mwaka mmoja kwenye kibanda kimoja, mhusika akabaki kwako. Zaidi ya hapo ni mambo yao.

Kisha nikawaonyesha nakala yangu ya zamani ya Sani na kuwauliza kama wanajua jina hilo limetoka wapi. Shemeji alidhani ni sanaa, ufupisho tu. Kumbe ni watu: Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, waanzilishi wake. Sa na Ni. Jarida lililowafundisha Watanzania kusoma katuni lilibeba majina mawili kila lilipotoka, na wasomaji wengi hatukujua. Hata Asterix, aliyempa Kipepe nyayo, alizaliwa mwaka 1959 na watu wawili, René Goscinny kwa maneno na Albert Uderzo kwa picha. Goscinny alipofariki 1977, Uderzo aliendelea peke yake. Picha zilibaki nzuri vile vile, lakini wapenzi wengi wa Asterix watakuambia kwamba utani haukuwa ule tena. Mkono ulikuwepo, sikio limeondoka.

Shemeji alilitazama lile jalada la Sani muda mrefu. Hakusema kitu. Mkewe aliingiza kuku ndani, akafunga mlango, tukalala.

KUJITEGEMEA NA UKIWA

Watu wengi wanadhani msanii huru ni mtu wa peke yake: kijana kwenye chumba kimoja, taa, kalamu, hataki kusumbuliwa. Sinema zimetulisha hivyo. Mimi nimekaa na waandishi na wachoraji miaka kadhaa sasa, na sijamwona huyo mtu. Kila mmoja ana mtu anayempikia, anayemlipia umeme, anayemwambia ukurasa huu haueleweki, au anayemletea maneno kutoka madirishani. Tofauti ni kwamba jina lake halipo kwenye jalada. Kipepe mwenyewe angekufa 1986 kama asingekuta mikono ya watu wengine.

Kujitegemea ni kutokuwa na bwana juu yako. Kuwa mkiwa ni kutokuwa na mtu kando yako. Hivyo ni vitu viwili, na ni rahisi sana kuvichanganya, kwenye sanaa na kwenye ndoa.

NAMBA NNE

Asubuhi nilimkuta shemeji ameshaamka, anachora kwenye ubao. Ni jogoo. Jogoo wa kawaida kabisa, mnene, ana miwani ya jua na sahani ya chipsi. Alisema atampelekea mteja huyo kama bango la kawaida, kibanda kimoja, elfu themanini, na kama hataki basi. Themanini haziezeki chumba. Mkewe alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alikuwa anahesabu bati kwa vidole huku anafunga kuku miguu. Basi la Mwanza lilikuwa linapiga honi. Alikimbia.

Mwezi mmoja baadaye bahasha ililetwa ofisini kwetu kwa mkono wa konda. Bi Tetea, namba nne. Imechapwa kwa fotokopi ile ile. Bi Tetea yuko ndani ya kasha la mbao kwenye behewa la Wajerumani, anaelekea Kigoma, na ukurasa wa nane na wa tisa ni behewa zima likiwa gizani na macho mawili tu ya kuku. Kwenye kila kituo kuna mtu anakula. Mikono ya watu sasa ni mikono. Mwisho haujakatwa.

Jalada lina majina mawili. Jina la mama lipo chini ya la mumewe na herufi zake ni ndogo zaidi. Nilichukua rula nikapima: robo tatu. Nimemwandikia shemeji barua kuhusu hilo. Mvua zimeshaanza kule, na sijui kama wameezeka.

UKITAKA KWENDA

Usafiri: Treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi lolote la kwenda Singida au Mwanza. Mwambie konda mapema kwamba unashuka Mkiwa, njia panda ya Itigi, maana hazoei kumshusha mtu wa mjini hapo.

Malazi: Wageni wengi hulala Manyoni au Singida mjini na kuja Mkiwa mchana. Nyumba za wageni ni za kawaida. Beba chandarua chako kama wewe ni mtu wa wasiwasi.

Chakula: Kuku wa kienyeji, ugali, mlenda. Mlenda usiuombee uma.

Vya kununua: Asali, mafuta ya alizeti, na kijitabu ukikiona kinanyanyuliwa dirishani. Toa Sh2,000 na usidai chenji. Kikusome njiani, halafu usikitupe. Mpe aliyekaa pembeni yako. Na kama aliyekaa pembeni ni mwenzi wako wa maisha na wa biashara, mkifika ukurasa wa katikati muulizane, taratibu tu, jina la nani liko kwenye bango.